Ng'ombe Mmoja, Mafungu Kumi na Manne

Wafugaji vijana wa Dodoma na Singida wameanza kuuliza swali zuri. Kwa nini maksai niliyemlea miaka minne auzwe mnadani kwa kukadiriwa kwa macho, apite mikononi mwa dalali, mchuuzi, msafirishaji na mwenye bucha, ndipo amfikie mama wa Ipagala, mjini Dodoma, asiyejua ametoka wapi? Mbona nisimpelekee mwenyewe?

Jibu langu ni kwamba inawezekana, na natamani wengi zaidi wajaribu. Tatizo ni pa kuanzia. Wengi hukodi fremu mjini, hununua friza na mizani, huandika ubaoni "nyama ya asili", na mwaka haujaisha fremu imefungwa, friza imeuzwa kwa nusu ya bei, na kijana amerudi mnadani akiamini kwamba biashara ya nyama ni ya wenye mtaji tu. Mtaji haukuwa kasoro yake. Alifungua duka la kila siku ilhali zizi lake linaweza kutoa wanyama wa siku chache tu katika mwaka.

Chukua familia yenye ng'ombe 30 pale Kongwa au Chamwino. Kati ya hao, majike yaliyofika umri wa kuzaa ni 12 hivi. Malisho yetu ya nyanda kame hayamwezeshi kila jike kuzaa kila mwaka, kwa hiyo mwaka wa wastani zizi litapata ndama saba. Mmoja au wawili hawatafika umri wa kuachishwa. Katika waliobaki, mitamba inatunzwa ili ichukue nafasi ya majike yanayozeeka. Wanaobaki kuuzwa ni madume mawili au matatu, pamoja na jike moja au mawili yaliyokwisha kuzaa. Jumla ni wanyama wanne, watano mwaka ukiwa mwema. Bucha dogo la mtaani linaweza kumaliza wanyama hao ndani ya wiki moja. Ndiyo maana mwenye fremu analazimika kwenda mnadani kununua ng'ombe wa watu ili friza isikae tupu, na tangu siku hiyo hana tofauti na jirani yake mwenye bucha, isipokuwa kwamba jirani anaijua kazi hiyo kuliko yeye.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni ya siku. Familia hii ina tarehe nne au tano za kuuza katika mwaka, na kila tarehe ina mnyama mmoja. Biashara yote ijengwe juu ya hapo.

Pili, tujue tunauza nini. Huko Marekani, ng'ombe wengi wa nyama humaliza miezi yao ya mwisho kwenye mazizi makubwa ya kunenepeshea, wakila mahindi. Familia iliyobaki na malisho ina jambo la kumwambia mnunuzi, na ndivyo shamba la Polyface la Joel Salatin, jimboni Virginia, lilivyojulikana duniani, hasa baada ya Michael Pollan kuliandika katika kitabu chake cha 2006, The Omnivore's Dilemma. Kijana wetu akiyachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyaleta Dodoma, hayamsaidii. Ukiacha wale wanaoneneshwa kwa mashudu ya pamba kwa miezi mitatu hivi, hasa Kanda ya Ziwa, ng'ombe anayening'inia katika bucha la Tanzania amekula majani tangu utotoni mpaka siku ya kisu. Mteja akiambiwa "huyu kala majani" atauliza kuna ng'ombe gani asiyekula majani, na atakuwa ameuliza vema.

Asichokijua mteja ni mambo mengine manne: mnyama alikuwa na umri gani, alichomwa dawa gani na lini, alisafiri vipi, na nani alimkagua. Mfugaji anayauza hayo, na hakuna mwenye bucha anayeweza kuyajibu yote, kwa sababu mnyama alimfikia baada ya kupita mikono mingi.

Umri ndio unaoonekana sufuriani. Ng'ombe wengi wanaopelekwa mnadani ni wale ambao familia imeamua kuachana nao: jike lililoacha kuzaa, dume la plau lililochoka. Tishu zinazounganisha misuli ya mnyama wa miaka kumi zimekomaa kiasi kwamba saa tatu za moto hazitoshi. Maksai wa miaka mitatu au minne, chotara wa Borani aliyeshiba msimu mzima wa mvua, ni nyama nyingine kabisa, na mlaji halazimiki kuwa mtaalamu ili aigundue.

Safari nayo haipewi uzito unaostahili. Misuli ya mnyama aliyetulia ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinjwa, akiba hiyo hugeuka asidi ya laktiki, na kufikia siku ya pili pH ya nyama inakuwa imeshuka kutoka 7 hivi hadi karibu na 5.5. Asidi hiyo huipa nyama rangi nyekundu ya kung'aa na huwazuia bakteria wasizaliane haraka. Sasa mfikirie ng'ombe aliyepakiwa Shinyanga akasafirishwa mpaka mnada wa Pugu, Dar es Salaam, akasimama kwenye lori usiku kucha, akasukumwa na kupigwa, akapigana na wageni wenzake. Anafika akiba imekwisha. pH yake hubaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi na yenye kunata, na huharibika mapema hata ikiwekwa kwenye baridi. Mfugaji aliye kilomita 60 kutoka machinjioni anaweza kumfikisha mnyama wake jioni, akampa maji, akamwacha alale pamoja na mwenzake anayemfahamu, achinjwe alfajiri. Hatua hiyo haina gharama kubwa, na inafanya mengi zaidi kuliko tangazo lolote.

Kuhusu dawa, nitasema kwa mkazo. Karibu kila boma lina chupa ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini, na wengi huchoma wenyewe. Aina yake inayokaa mwilini muda mrefu huhitaji wiki tatu hadi nne baada ya sindano ndipo nyama iweze kuliwa, na dawa ya minyoo ya ivermektini ya sindano mara nyingi huhitaji zaidi ya mwezi. Kibandiko cha chupa kina idadi ya siku. Isomwe na iheshimiwe. Anayeuza mnadani husahaulika saa ileile. Anayemuuzia mama wa Ipagala ameweka jina lake juu ya nyama, na kama hana daftari lenye tarehe za sindano na josho, anamuuzia mtu asichokijua. Hofu ya walaji haikuzuka bure. Mwezi Julai 2019 kituo cha NTV cha Kenya kilirusha taarifa ya uchunguzi iliyoonyesha nyama katika baadhi ya maduka makubwa ikitiwa kemikali ya sodiamu metabisalfaiti ili ionekane mbichi siku zote, na kwa wiki kadhaa watu wa Nairobi waliiogopa nyama nyekundu. Mjini Dodoma pia kuna watu wengi ambao wangependa kumjua mfugaji wao kwa jina na kwa namba ya simu.

Sasa tuje kwenye sarara, maana hapo ndipo biashara nyingi za aina hii zinapozama. Maksai wa kilo 300 akiwa hai hutoa karibu nusu ya uzito huo, yaani kilo 150 za nyama pamoja na mifupa. Sarara zake zote mbili hazizidi sana kilo tatu. Mfugaji anapofungua mlango, wateja wa kwanza wenye fedha huuliza sarara na steki. Anafurahi, anawauzia kwa bei nzuri, na jioni amebaki na shingo, kidari, mbavu na mifupa ya miguu ambayo hakuna aliyeiulizia. Bucha la mtaani lilikwisha kulitatua hili zamani kwa kuuza mchanganyiko: unapimiwa kilo yako yenye mfupa na mafuta ndani yake, na nyama yote inatoka. Mfugaji anayewaacha wateja wachague vipande ameitupa hekima hiyo, kisha anashangaa kwa nini faida imelala kwenye friza.

Njia ninayoitetea ni ya zamani katika nchi hii. Waislamu wanapochinja udhiya wakati wa Idd el-Hajj, watu saba huruhusiwa kushirikiana ng'ombe mmoja. Huchanga kabla, mnyama akiwa bado amesimama, na kila mmoja anajua sehemu yake. Kilimanjaro familia za Kichaga hugawana mnyama wa Krismasi kwa mpangilio ambao kila mwenye haki anaujua. Katika ofisi nyingi za mjini watu huchangishana wakanunua ng'ombe mmoja kuelekea sikukuu. Hata hao Wamarekani wenye mashamba madogo, wengi wao huuza kwa nusu na robo ya ng'ombe aliyelipiwa angali hai, kwa sababu sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye mnyama kumchinjisha kwa matumizi ya nyumba yake bila kupitia ukaguzi kamili wa nyama ya biashara. Kote huko mnyama mzima ameuzwa kabla ya kisu, na hakuna kipande kinachobaki kutafuta mnunuzi.

Tufanye hesabu kwa maksai yuleyule. Usiku mmoja wa kuning'inia hupunguza kilo tatu hivi za maji. Ukitoa kinachopotea katika kukata, unabaki na kilo 140. Fungu moja kati ya saba lingekuwa kilo 20, mzigo usioingia kwenye jokofu la nyumba ya kawaida. Nusu yake, kilo 10, inaingia. Basi ng'ombe mmoja atoe mafungu 14 ya kilo 10, na kila fungu lipate sehemu ya paja, ya mkono, ya mbavu, ya kidari, mifupa ya supu, kipande cha nundu, na gramu 200 hivi za sarara. Nimeona wauzaji wakiwaongezea marafiki sarara kwa siri. Jambo hilo hujulikana, na likijulikana mafungu yajayo hayanunuliki.

Fedha nitazitaja kwa mfano tu, kila mtu aweke bei za kwake. Tuseme mchanganyiko mtaani unauzwa sh 11,000 kwa kilo, na mfugaji anauza kwa bei hiyohiyo. Mafungu 14 yanaleta sh 1,540,000. Kichwa, makongoro na utumbo vichukuliwe na muuza supu aliyeagiza mapema kwa sh 120,000. Ngozi usiitegemee. Gharama za kumsafirisha mnyama, ushuru wa machinjio na ukaguzi, mchinjaji na wakataji, chumba cha baridi, mifuko na bodaboda tuziweke sh 260,000. Zinabaki sh 1,400,000. Mnadani maksai huyo angeuzwa, tuseme, sh 1,150,000, na baada ya ushuru, dalali na safari zingebaki sh 1,100,000. Tofauti ni sh 300,000 kwa mnyama, sh 1,200,000 kwa wanyama wanne wa mwaka.

Ni fedha halali na ya maana kwa nyumba yenye watoto shuleni, ingawa haimtajirishi mtu, tena imetoka kwa jasho la watu wawili kwa siku tatu kila safari. Tazama pia kwamba fremu ya sh 100,000 kwa mwezi ingeimeza yote, hadi shilingi ya mwisho. Ndiyo maana napinga fremu kwa familia ya ng'ombe 30.

Kuhusu kupandisha bei juu ya bucha, ningesubiri. Mwaka wa kwanza mteja anajaribu kuona kama utatimiza ahadi ya tarehe, uzito na usafi. Bei ya juu idaiwe kwa wateja wanaorudi wenyewe, na hata wakati huo iwe kidogo, kwa sababu faida kubwa ya mpango huu ni kwamba hakuna kilo inayobaki bila mwenyewe.

Malipo yaanze kukusanywa kabla: nusu wakati wa kuagiza, nusu wakati wa kupokea. Mjini Dodoma waajiriwa wa Serikali ni wengi, basi tarehe ifuate mishahara. Na fedha za watu zisiguswe mpaka muhuri wa mkaguzi ugongwe, kwa kuwa mnyama anaweza kukataliwa machinjioni. Mbegu za tegu zikienea kwenye misuli, nyama yote inaweza kutaifishwa. Ini lenye minyoo bapa hutupwa mara kwa mara, kwa hiyo usimwahidi mtu ini. Likipita, ligawe kama nyongeza.

Hilo linanileta kwenye kishawishi cha kuchinjia nyumbani chini ya mwembe, ambacho wauzaji wapya hukiona kama njia fupi. Nyama ya kuuza lazima itoke kwenye machinjio yaliyokubaliwa na ikaguliwe kabla na baada ya kuchinjwa. Sheria ya Nyama Na. 10 ya 2006, iliyounda Bodi ya Nyama Tanzania, inataka pia wadau wa biashara hii wasajiliwe. Nami nakubaliana nayo kwa sababu zisizo za karatasi. Kimeta hakionekani kwa macho ya mnunuzi. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua watu Kenya na Tanzania, Dodoma ikiwemo, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioshika damu na viungo vya wanyama wagonjwa. Mfugaji anayeuza kwa jina lake anauhitaji muhuri ule kuliko mtu mwingine yeyote. Mchinjaji naye awe Mwislamu anayefahamika, ili kila nyumba iweze kula bila shaka moyoni.

Jambo moja la baridi, kwa kuwa linaharibu nyama nzuri kila wiki. Watu wetu wanapenda nyama ya leo, yenye joto la mnyama. Ikipikwa ndani ya saa chache haina shida. Lakini mteja akiichukua ya moto, akaikata vipande na kuitia moja kwa moja kwenye friza, misuli inapigwa na baridi kabla haijakamilisha kazi yake ya asidi. Inajikunja, na itakapoyeyushwa na kupikwa itakuwa ngumu hata kama mnyama alikuwa kijana. Zebu wana udhaifu wa ziada: misuli yao ina kizuizi kingi zaidi cha vimeng'enya vinavyolainisha nyama, hivyo wanahitaji muda mrefu wa kuning'inia kuliko ng'ombe wa Ulaya. Siku saba kwenye nyuzi 0 hadi 4 zingekuwa bora. Kwa hali yetu, usiku mmoja wa chumba cha baridi machinjioni, kisha siku mbili kwenye rafu ya jokofu la mteja kabla ya kugandisha, tayari ni hatua kubwa. Mweleze mteja hivyo kwenye ujumbe wa simu siku unapompelekea fungu lake. Atakayefuata atarudi.

Tarehe zichaguliwe kwa kutazama mawingu. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, milimita 500 hadi 600 katika mwaka wa kawaida. Ng'ombe wanakuwa wamenona kuanzia Aprili mpaka Julai. Kufikia Oktoba mbavu zinahesabika. Krismasi, sikukuu yenye mnunuzi mwenye haraka kuliko wote, inamkuta mnyama katika hali yake mbaya kabisa ya mwaka. Idd el-Hajj kwa miaka hii imekuja wakati mzuri: 2024 iliangukia katikati ya Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mfugaji mwenye maksai waliotimiza miaka miwili, wazima, wasio na kilema, ana soko lililo tayari. Lakini hapo mafungu 14 hayafai. Udhiya haigawanyiki chini ya sehemu ya saba, washiriki wanunue mnyama akiwa hai, na ujira wa mchinjaji ulipwe kwa fedha mbali na nyama na ngozi.

Kwa Desemba ningeweka mbuzi. Wao hula matawi na majani ya vichaka ambavyo ng'ombe havigusi, na hutoka kwenye kiangazi cha Ugogo wakiwa na mwili wao. Anayetaka ng'ombe wa Krismasi avune nyasi Aprili, zingali na rutuba, au anunue marobota ya nyasi ya Kongwa, na ampe mashudu ya alizeti miezi miwili ya mwisho. Singida na Dodoma hatukosi alizeti. Mteja aambiwe wazi kwamba huyu alisaidiwa kwa mashudu. Simjui mteja aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo.

Familia moja ikiwa na tarehe nne, wateja watataka tarehe ya tano, ya sita, ya kumi. Hapo majirani wanaingia. Familia nne za kijiji kimoja zikishika zamu zinaweza kutoa mnyama kila mwezi wa neema, zikakodi gari moja na kumlipa mkataji mmoja aliyezoea kazi. Zinaweza pia kwenda halmashauri na ombi dogo: machinjio ya wilaya yawe na chumba kimoja cha kuning'iniza, chenye reli, kulabu na mizani, kinachokodishwa kwa usiku. Machinjio makubwa kama ya Kizota mjini Dodoma yanajulikana na kila mtu, lakini wilaya nyingi zinachinja kwenye karo la saruji lisilo na baridi yoyote, na kukosekana kwa chumba hicho kunamzuia mfugaji mdogo kuliko ukosefu wa mkopo.

Vikundi vya aina hii huvunjwa na jike moja la miaka kumi na mbili, linaloletwa na mmoja wao kwa sababu ada ya shule imefika, kisha linauzwa kwa sifa ya maksai wa wenzake. Kwa hiyo mnyama achaguliwe mwezi mmoja kabla, akiwa zizini kwa mwenyewe, mbele ya wanakikundi wote. Mdomo ufunguliwe meno yatazamwe, daftari la dawa lisomwe, namba ya hereni ya utambuzi iandikwe, na asiyefaa apelekwe mnadani siku hiyohiyo bila mjadala.